Ajali Ina Kinga

Nyuma ya magari mengi ya Afrika Mashariki huandikwa maneno "ajali haina kinga", na hata pale yasipoandikwa yamekaa vichwani mwa watu. Gari likiserereka kwenye mteremko wa Bugarama siku ya mvua, watu hukusanyika, hutikisa vichwa, kisha hukumu hutoka kabla polisi hawajafika: mvua ilikuwa kubwa, barabara iliteleza, gari lilikuwa kuukuu, na siku za mtu zikifika zimefika. Hao ni washtakiwa wanne, na hakuna hata mmoja anayeweza kuitwa mahakamani. Ndiyo maana hukumu hiyo inapendwa: haimgusi mtu.

Mimi naipinga. Hoja yangu ni kwamba utelezi una kinga, kinga hiyo inajulikana tangu zamani, na bei yake ni ndogo kuliko bei ya jeneza. Tena nadai kwamba uzee wa gari si kosa. Kosa ni matengenezo yanayoahirishwa wiki baada ya wiki, na anayeyaahirisha ni mtu mwenye mikono na mfuko, si mvua.

Gari ninalolizungumzia kila msomaji analijua. Ni Toyota Probox, gari dogo lenye mgongo mrefu, ambalo buti lake limeungana na sehemu ya abiria na mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu. Kwa Kifaransa gari la umbo hilo huitwa break. Masikioni mwa Mswahili neno hilo ni kifaa cha kusimamisha gari, na ni bahati mbaya kwamba mengi ya magari yenye jina hilo hayana kifaa hicho kwa ukamilifu. Toyota ilianza kuliuza Japani mwaka 2002, liwe gari la kazi la makampuni na maduka, la kubeba vifaa, nyaraka na mizigo ya mjini. Liliundiwa watu watano. Kwetu watu watano ni gari ambalo bado linangoja abiria.

Sitaki mtu aseme baadaye kwamba nilificha jambo: nina maslahi hapa. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye Probox ya mjomba wangu, iliyokuwa ikienda Gitega na kurudi. Nyumba nyingi za Mutakura zinakula kutokana na gari la aina hiyo: dereva, mwenye gari, fundi, kijana anayeita abiria, mama anayeleta nyanya na kabichi kutoka milimani. Kwa hiyo mtu akisema magari haya yafutwe, hazungumzii vyuma peke yake. Na mtu akisema yaachwe kama yalivyo, hazungumzii vyuma peke yake vilevile, kwa sababu ndani yake tunapanda sisi, wanafunzi, kila likizo tunapokwenda na kurudi nyumbani.

Wapo wenzetu wanaosema dawa ni sheria ya umri. Katika mjadala wetu wa darasani walitaja mifano miwili ya jirani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa na umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda, tangu 2018, imeweka mpaka wa miaka 15. Kwa kipimo hicho cha Uganda, Probox za mwanzo kabisa zilikuwa zimekwisha kukataliwa mlangoni siku sheria ilipoanza. Kipimo hiki kina mvuto kwa sababu ni chepesi: karani hutazama mwaka wa kutengenezwa, hutoa, hujumlisha, basi. Hahitaji kuinama chini ya gari.

Lakini mwaka wa kuzaliwa wa gari hauelezi lolote kuhusu tairi lililofungwa juzi, wala kuhusu mafuta ya breki yasiyobadilishwa tangu gari lishuke melini. Gari la miaka mitano lenye matairi yaliyokwisha litaserereka, na gari la miaka ishirini lenye matairi mazima litasimama nyuma yake. Tena sheria ya mlangoni haigusi magari ambayo tayari yako ndani ya nchi. Itapandisha bei ya kila linaloingia, na mwenye gari kuukuu atalishikilia miaka mingine kumi kwa sababu hawezi kununua jingine. Tutakuwa tumepiga marufuku uzee na kuuongeza kwa wakati mmoja.

Tuzitazame nchi ambazo utelezi ni desturi ya kila mwaka. Uswidi barabara hufunikwa na theluji na barafu kwa miezi mingi. Huko sheria inadai kwamba kati ya tarehe 1 Desemba na 31 Machi, barabara ikiwa katika hali ya kibaridi, gari liwe na matairi ya majira ya baridi, na kina cha mifereji yake kisipungue milimita 3. Kinachopimwa hapo ni tairi. Waswidi hao hao ndio waliounda Volvo 240, na ile yenye mgongo mrefu ilitengenezwa tangu 1974 hadi 1993. Mtu mwenye gari hilo, hata likiwa na umri mkubwa kuliko wangu, anaruhusiwa kuliendesha juu ya barafu akiwa na matairi yanayotakiwa na breki nzima. Mwenye gari jipya na matairi yasiyofaa ndiye mwenye kesi.

Tuitazame na Japani, alikozaliwa Probox wetu. Mji wa Sapporo, kisiwani Hokkaido, hupata karibu mita 5 za theluji kwa majira moja ya baridi, ukijumlisha inayoanguka siku kwa siku. Probox huendeshwa humo kama kawaida. Kwa sababu gari hili huandikishwa zaidi kama gari la mizigo, sheria ya Japani hulitaka likaguliwe miaka miwili baada ya kununuliwa likiwa jipya, na baada ya hapo kila mwaka. Kisha siku moja linauzwa, linapakiwa melini, linashushwa Dar es Salaam, linavuka mpaka wa Kobero na kufika kwetu. Safari hiyo huchukua miezi michache tu, na gari halizeeki sana katika miezi michache. Linachopoteza njiani ni ule ulazima wa mtu kulitazama magurudumu na breki kwa macho. Kwetu pia ukaguzi upo kisheria, lakini barabarani karatasi ya ukaguzi huulizwa mara nyingi kuliko kitu ambacho karatasi hiyo inakishuhudia.

Hapa najua mtu atanikatiza: hayo ya Sapporo na Uswidi ni ya wenye barafu, Burundi ina jua. Anayesema hivyo hajapita Bugarama mwezi wa Aprili. Barabara ya Taifa namba 1 hutoka Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, mahali penye mwinuko usiofika mita 800, ikapanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa kilomita zipatazo 35. Huko juu kuna ukungu, kuna matope mekundu yanayoshuka kutoka mashambani, na kuna mvua ya mawe. Mawe hayo ni barafu. Yakiifunika lami, tairi halijui kama liko Burundi au Hokkaido.

Tufanye hesabu, kwa kuwa utelezi si suala la maoni. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa kwenye lami kavu, yenye msuguano wa karibu 0.7, likifungwa breki husimama baada ya mita 20 hivi. Kwenye lami iliyolowa, msuguano ukishuka hadi 0.4, gari hilo hilo huhitaji mita 35. Kwenye barafu, ambako msuguano unaweza kuwa 0.1 tu, huhitaji zaidi ya mita 140. Umbali huo ni mkubwa kuliko uwanja mzima wa mpira. Na hapo bado hatujahesabu ile sekunde moja ambayo dereva hushtuka kabla ya kukanyaga, nayo peke yake ni mita 17. Tena hesabu hii ni ya barabara tambarare. Ukiwa kwenye mteremko wa asilimia 8, uzito wa gari wenyewe unalisukuma mbele, na kwenye barafu karibu hakibaki kitu cha kulizuia.

Likizo ya Pasaka iliyopita nilikuwa nikirudi kutoka Muramvya. Tulikuwa saba garini. Tulipopita soko la Bugarama mvua ya mawe ilishuka kwa dakika zisizofika kumi, lami ikawa nyeupe kama imemwagiwa mchele. Mama mmoja aliyekaa kiti cha nyuma alisema, "Mwanangu, simama kidogo, ngoja mawe yayeyuke." Dereva alimjibu kwa adabu, "Mama, nikisimama kila mvua, jioni nitampa nini tajiri?" Akaendelea. Katika kona ya pili nyuma ya gari ilitoka polepole, tukazunguka, tukasimama tukitazama tulikotoka, hatua chache kutoka ukingoni. Hakuna aliyeumia. Niliposhuka nilipitisha kidole juu ya tairi la nyuma: halikuwa na mfereji hata mmoja.

Abiria walimshukuru Mungu, nami nilimshukuru pamoja nao. Lakini swali la dereva lilibaki kichwani mwangu, kwa kuwa lilikuwa na jibu la ajali nzima. Jioni nitampa nini tajiri? Katika mji wetu dereva wengi si wenye magari. Mwenye gari hudai kiasi maalumu cha fedha kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, mafuta yapatikane yasipatikane. Kinachozidi ni cha dereva. Katika mpango huo tairi ni la nani? Tajiri husema dereva ndiye anayelimaliza. Dereva husema gari si lake. Tairi linabaki yatima, na yatima huyo ndiye anayetushikilia ardhini.

Basi tuanze na tairi. Kipimo cha chini kabisa cha kina cha mifereji katika nchi nyingi ni milimita 1.6. Huhitaji chombo cha maabara kukijua. Njiti ya kiberiti ina unene wa karibu milimita 2. Ilaze ndani ya mfereji, na kama inatokeza juu, tairi hilo limekwisha. Mifereji kazi yake ni kuyatoa maji chini ya mpira. Isipokuwepo, maji hukaa kati ya tairi na lami, gari likaelea kama mtumbwi, na usukani ukawa mwepesi mkononi. Dereva asiyejua hufurahi kwamba usukani umekuwa mwepesi.

Kuna na jambo ambalo wauzaji wa matairi ya okazyo hawalisemi. Matairi mengi yanayokuja na magari ya Japani, au yanayoletwa yakiwa yametumika, ni matairi ya majira ya baridi. Ubavuni utaona limeandikwa STUDLESS, au utaona alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi, chini ya nyuzi 7. Msomaji atadhani basi hilo ndilo tairi letu la mvua ya mawe. Sivyo. Mvua ya mawe ya Bugarama hudumu dakika. Joto la Bujumbura hudumu mwaka mzima. Juu ya lami ya moto mpira huo hulainika kupita kiasi, huisha upesi, na gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama. Likifika siku ya mawe yenyewe, limekwisha kuliwa na jua. Ubavuni pia kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 1109 lilitengenezwa wiki ya 11 ya mwaka 2009. Hata kama mifereji yake ni mirefu, mpira wenye umri huo umekuwa mgumu na una nyufa. Hapo ndipo umri una maana, wanasheria wa umri wa magari! Kaguani umri wa tairi.

Baada ya tairi ni breki. Chukua Probox yenye watu na mizigo, jumla kilo 1,500, ishuke kutoka Bugarama hadi mjini, mita 1,400 kwenda chini. Nguvu inayoachiliwa katika mteremko huo ingetosha kuchemsha madumu matatu ya lita 20 ya maji ya kisimani. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na mviringo wa magurudumu. Inayobaki lazima imezwe na injini au na breki. Dereva akiiachia breki peke yake, joto hilo lote huingia kwenye vipande vichache vya chuma visivyozidi ukubwa wa sahani.

Nilimuuliza fundi mmoja wa Buyenzi, mtaa ambao mafundi wake wameyafufua magari ya mji huu miaka mingi. "Mzee wangu," nikamwambia, "kwa nini pedali huzama hadi chini huku pedi bado zipo?" Akafungua kikopo cha mafuta ya breki cha gari lililokuwa mbele yake, akanionyesha. Yalikuwa meusi kama kahawa. "Tazama, kijana wangu. Haya yamekunywa maji."

Maneno yake ni sayansi kamili. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi zisizopungua 205. Yakishafyonza maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 140. Breki zikipata moto mlimani, maji yaliyomo hugeuka mvuke. Mafuta hayabonyei, lakini mvuke unabonyea. Dereva anakanyaga hewa. Ndiyo maana gari hushuka vizuri kilomita 20, kisha kwenye kilomita ya 21 pedali inaanguka. Watu husema breki zilikatika. Hazikukatika, zilichemka. Kinga yake ni chupa ya mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili, pamoja na saa moja ya fundi. Probox ina diski mbele na madramu nyuma. Humo ndani pedi zikibaki na unene wa milimita 3 zibadilishwe, zisingojwe hadi chuma kilie juu ya chuma.

Adui mwingine ni desturi ya kushuka bila gia. Katika miaka hii ya foleni ndefu za mafuta, dereva hufika kileleni, huondoa gia, na gari huteremka lenyewe kama baiskeli ya ndizi. Anadhani anaokoa mafuta. Nasema wazi kwamba anajidanganya. Injini ya Probox hupuliziwa mafuta kwa amri ya kompyuta ndogo. Gari likishuka likiwa ndani ya gia, mguu ukiwa umeondolewa, kompyuta hiyo hufunga mafuta, kwa sababu magurudumu yenyewe yanaizungusha injini. Ukiondoa gia, injini lazima inywe mafuta ili isizimike. Kwa hiyo anayeshuka bila gia anatumia mafuta zaidi, na anaipa breki kazi yote ambayo injini ingeifanya bure. Anayezima injini kabisa ni mbaya zaidi: breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache, na usukani unakuwa mzito kama jiwe la kusagia. Kanuni ya mlima ni rahisi: shuka kwa gia ndogo, ya pili au ile herufi L kwa gari lisilo na gia za mkono.

Kuhusu uendeshaji wenyewe juu ya utelezi, dereva wa Sapporo hana uchawi wowote. Anapunguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Mikono yake na miguu yake haina haraka: hakuna kukata usukani ghafla, hakuna kukanyaga breki ghafla, hakuna kuongeza mafuta ghafla. Nyuma ya gari ikianza kutoka, anaondoa mguu kwenye mafuta, anatazama anakotaka kwenda, si ukingo anaouogopa, na anageuza usukani kuelekea huko. Magurudumu yakijifunga, anaachia breki kidogo ili yazunguke tena, kwa sababu gurudumu lisilozunguka haliongozwi. Ila kama gari lina mfumo wa kuzuia kujifunga, anakanyaga kwa nguvu na kushikilia, mfumo utafanya kazi hiyo. Anaacha nafasi kubwa mbele yake. Na mawe yakishuka, anatafuta mahali papana nje ya barabara, anawasha taa, anangoja. Mawe ya Bugarama huyeyuka kwa robo saa. Yule mama wa kiti cha nyuma alikuwa mwalimu bora wa udereva kuliko sisi sote garini.

Najua jibu litakalorushwa: umaskini. Mnataka matairi mapya katika nchi ambayo watu wanahesabu mandazi? Jibu hili linaheshimika, lakini tulipime. Mafuta ya breki hayafikii bei ya safari moja ya gari lililojaa. Kushuka kwa gia ndogo hakugharimu hata franka moja. Kungoja robo saa kunagharimu robo saa. Kuangalia upepo wa matairi asubuhi kunagharimu kuinama. Linalogharimu kweli ni tairi, na hapo sikubali aambiwe dereva. Aambiwe tajiri, ambaye mara nyingi si maskini hata kidogo: ni mtu wa ofisi, mwenye mshahara, aliyenunua Probox iwe akiba yake. Kama anadai fedha yake kila jioni, basi sehemu ya fedha hiyo ni ya matairi kabla haijawa yake. Dereva akiwa na haki ya kusema, "Leo tajiri, mawe yamenichelewesha," na asifukuzwe kazi, tutakuwa tumezuia ajali nyingi kuliko kwa sheria ya umri.

Mjomba wangu aliipatia Probox yake daftari. Kila mafuta yalipobadilishwa, kila pedi, kila tairi, aliandika tarehe na kilomita. Gari lile halikuwa jipya hata siku moja tangu alinunue, na lilipanda Bugarama miaka kumi na moja. Sisemi kwamba daftari ni hirizi. Nasema kwamba mtu anayeandika tarehe hawezi kujidanganya kwamba alibadilisha mafuta "juzijuzi".

Sasa naja kwetu, wanafunzi wa Kiswahili. Fungueni kifuniko cha injini cha Probox yoyote. Maandishi ya onyo ni ya Kijapani. Karatasi za gari ni za Kifaransa. Dereva huzungumza Kirundi na abiria wake. Fundi wa Buyenzi hueleza ugonjwa wa gari kwa Kiswahili. Ujuzi unaookoa maisha upo katika gari moja kwa lugha nne, na abiria hana hata ukurasa mmoja wa kusoma. Sisi tunaandika insha kuhusu Kiswahili kama lugha ya kuunganisha Afrika Mashariki. Vizuri. Basi kiunganishe kwanza fundi na abiria.

Ninapendekeza kazi ambayo darasa letu linaweza kuimaliza muhula huu, na naomba walimu wetu waipokee kama kazi ya darasa, ipewe alama. Twende Buyenzi, tukae na mafundi, tukusanye majina yao ya vitu: pedi au plaketi, madramu, mafuta ya breki, mifereji ya tairi, gia ya mteremko. Tuandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili na mwingine kwa Kirundi. Tuubandike pale magari ya kwenda mikoani yanapopakia. Uwe na maswali ambayo abiria yeyote anaweza kuuliza kabla ya kutoa nauli. Tairi linapita kipimo cha njiti? Tarakimu nne za ubavuni zinasemaje? Mafuta ya breki yalibadilishwa lini? Pedali ikikanyagwa gari likiwa limesimama, inakaa juu au inazama?

Dereva wengine watatucheka. Wengine watasema, "Mwanafunzi, hii si shule." Lakini abiria watatu wakiuliza swali moja mbele ya gari moja, na wote watatu wakapanda lile la pili, tajiri atapata habari jioni hiyo hiyo, kwa lugha anayoielewa kuliko zote.

Mvua zitarudi mwezi wa Septemba kama kila mwaka, na zile za kwanza, zinazokutana na vumbi na mafuta ya miezi ya kiangazi, ndizo zenye utelezi mbaya zaidi. Tunao muda wa kuandika ukurasa mmoja.